Nguzo Moja Haibebi Mlima

Haya wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu Linux wala lugha za programu. Leo nataka kugombana: na mchezo ninaoupenda, halafu na sisi wenyewe watu wa kompyuta.

Mchezo wenyewe ni Dwarf Fortress. Kwa wasioujua, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, bure kabisa, picha zake zikiwa herufi tu kwenye skrini. Mwaka 2022 likatoka toleo la kulipia lenye picha nzuri. Kazi yako ni kuviamuru vijitu vyenye ndevu vichimbe mlima na kujenga ngome. Ukichimba vibaya, mwamba unaporomoka na vinakufa.

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Siku moja binamu yangu alinikuta nikicheza. Yeye ni zurura, ndivyo tunavyowaita huku Taita Taveta wachimbaji wadogo wa vito. Nilikuwa nimechimba ukumbi mkubwa kama uwanja wa mpira, nikaacha nguzo moja tu katikati.

"Na hiyo moja imebeba mlima wote?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Akacheka sana, halafu akaacha kucheka. "Nani amewafundisha hivyo?"

Nimjibu kama mwandishi wa programu. Mchezo huu hauulizi uzito. Unauliza jambo moja tu: je, kipande hiki cha mwamba kimeshikana na kingine kilichoshikana na ardhi? Kama ndiyo, kitakaa hewani milele. Kama hapana, kinaanguka. Cha ajabu ni kwamba matoleo ya mwanzo ya 2006, yaliyokuwa na ghorofa moja tu, yalikuwa karibu zaidi na ukweli: ukichimba ukumbi mpana bila kuacha nguzo, dari ilikuangukia. Ghorofa nyingi zilipoingizwa mwaka 2007, kanuni hiyo ikaondoka. Naelewa. Kupiga hesabu ya uzito wa kila kipande cha mlima ni mzigo kwa kompyuta, lakini kuuliza kama vipande vimeshikana ni kazi nyepesi. Hata mimi pengine ningefanya vilevile. Mchezo ni mchezo.

Ugomvi unaanza pale mtu anaposema, na nimemsikia kwa masikio yangu, kwamba mchezo huu umemfundisha uchimbaji salama. Hapana jamani!

Tazameni ardhi yetu. Tsavoriti, lile jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974, hukaa ndani ya miamba yenye grafaiti, kitu kile kile kilicho ndani ya penseli. Ipake vidoleni uone inavyoteleza. Mwamba wa namna hiyo hupasuka tabaka kwa tabaka, na tabaka moja huteleza juu ya jingine. Zikija mvua za vuli, maji huingia kwenye nyufa, na ukuta uliosimama kiangazi kizima unashuka asubuhi moja. Katika mchezo hakuna ufa, wala mvua inayolainisha ukuta. Nguzo ya leo ni nguzo ya miaka 100.

Halafu uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo ni tani moja na nusu au zaidi, yaani kama gari dogo. Si lazima ufunikwe kichwa. Ukizikwa hadi kifuani tu, kifua hakipanuki, na pumzi inakwisha.

Marekani, sheria ya usalama kazini inasema mtaro ukifika kina cha mita 1.5 lazima uwe na kinga: kuta zilazwe au zishikiliwe kwa mbao ama vyuma, isipokuwa pale palipo mwamba mzima usio na dalili ya kuporomoka. Kifusi kiwekwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mimi nimesimama kwenye shimo huko Kasigau ambalo sikuona chini yake, na kifusi chote kimerundikwa mdomoni, kikisubiri kurudi kilikotoka.

Msiniambie ni ujinga. Binamu yangu anajua haya yote kuliko mimi. Tatizo ni kwamba mbao ni pesa. Anayefadhili shimo ananunua unga, maharagwe na dizeli, lakini mbao zinangoja "tukipata mawe". Yeye yuko mjini, kama mimi kwenye kiti changu, anaonyesha kwa kidole: chimbeni pale. Tofauti yetu ni moja. Mimi vijitu vyangu vikifa, naanza mchezo upya.

Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na kuweka utaratibu wa kuwapa vibali. Vizuri. Vitolewe basi, tena upesi, kwa sababu asiye na kibali huchimba kwa kujificha na kwa haraka, na mwenye haraka haweki mbao. Lakini kwenye kila shimo lenye mfadhili, swali la kwanza liwe: mbao ziko wapi, na nani amezilipia? Shimo likiporomoka bila mbao, tusiite bahati mbaya. Kuna mtu aliyepiga hesabu akaona mbao ni ghali kuliko mtu.

Nanyi wenzangu wa kompyuta, msiniletee programu ya simu ya kutabiri maporomoko kabla ya kujibu swali hilo. Simu haishikilii ukuta.

Mwezi uliopita nilitaka kununua kadi mpya ya picha kwa ajili ya mchezo huu huu. Nikanunua mbao, nikampelekea binamu. Akazipima kwa macho, akaniambia zinatosha upande mmoja.

Upande wa pili nimemwahidi mwisho wa mwezi. Hadi hapo amekubali kutoshuka. Anayebisha, abishe.