Kwenye ramani hii Tanzania haina jina

Kwa kanuni za mchezo wa Twilight Struggle, serikali ya Uingereza haipinduliki. Hesabu yenyewe ni fupi: anayetaka kupindua huchukua thamani ya karata aliyoitoa, huongeza namba ya dadu, kisha hutoa kiwango cha uthabiti wa nchi hiyo mara mbili. Uingereza imepewa uthabiti wa 5. Karata nono kabisa ina thamani ya 4 na dadu haipiti 6, jumla 10. Ukitoa 10 unabaki na sifuri, na kwa sifuri hakuna mapinduzi. Sasa shuka hadi Afrika, kwenye kisanduku kimoja kilichoandikwa mataifa ya kusini-mashariki, ambamo Tanzania na Msumbiji zimefungwa pamoja bila hata moja kutajwa. Uthabiti wake ni 1. Karata ya 3 na dadu ya 1, namba mbaya kuliko zote, zinatosha kufanikisha mapinduzi.

Mchezo huu ulibuniwa na Ananda Gupta na Jason Matthews, ukachapishwa na GMT Games ya Marekani mwaka 2005. Watu wawili, mmoja Marekani na mwingine Usovieti, hugombania dunia kwa karata tangu 1945 hadi 1989. Kwa miaka kadhaa uliongoza orodha ya michezo bora katika tovuti ya BoardGameGeek, na mwaka 2016 kampuni ya Playdek ikautoa kwa ajili ya kompyuta, kisha simu. Toleo hilo ni zuri kweli. Linahesabu pointi, linarusha dadu, linakataa hatua isiyoruhusiwa na linakutafutia mpinzani usiku wa manane. Aliye Mbeya au Bujumbura hahitaji tena kuagiza boksi zito kutoka ng'ambo na kulilipia ushuru. Lakini katika kuturahisishia limetunyang'anya kitu ambacho ubao wa karatasi ulitupa kimyakimya: kuona kwamba kanuni zimeandikwa na mtu, na kwamba mtu mwingine anaweza kuziandika upya.

Anayecheza kwenye ubao hufanya hesabu mwenyewe. Kila anapoitoa ile namba mara mbili anaiona, na akishaiona atauliza imetoka wapi. Jibu limo katika maelezo yanayokuja na boksi: wabunifu wanakiri kwamba wameichukua mantiki ya Vita Baridi kama ilivyoaminiwa na wakubwa wa wakati ule, hata pale ilipokuwa si kweli. Ile nadharia kwamba nchi moja ikiangukia ukomunisti jirani zake nazo zitaanguka, kwenye ubao huu inafanya kazi. Huo ni uungwana wa mwandishi anayetaja msimamo wake mapema. Kwenye skrini uungwana huo haukufikii wakati unacheza. Unagonga nchi, dadu inazunguka, ushawishi wa mwenzako unafutika na wako unaingia. Maoni ya watu wawili yamegeuka kuwa tabia ya dunia, kama maji yanavyoteremka mlima.

Tazama ngazi ya hatari ya nyuklia, inayoshuka kutoka 5 hadi 1. Ikifika 4, mapinduzi hayaruhusiwi tena Ulaya. Ikifika 3, Asia nayo inafungwa, na ikifika 2 inafuata Mashariki ya Kati. Afrika, Amerika ya Kati na ya Kusini haziingii kamwe katika orodha ya wanaolindwa. Tena, kupindua nchi zinazohesabiwa kuwa nzito, kama Zaire, Angola au Nigeria, kwa kawaida kunaishusha ngazi hiyo, na anayeifikisha 1 katika zamu yake ameshindwa papo hapo. Na bado kanuni zinampa mpinzani wako pointi usipofanya harakati za kijeshi za kutosha katika duru. Matokeo yake? Dunia ikikaribia kuungua, mchezaji mwenye akili hutafuta nchi nyepesi isiyolindwa. Atapata Ethiopia, Sudan, Kenya, au kile kisanduku chetu kisicho na majina. Hii ni hoja kali ya kihistoria, na kwa maoni yangu ina ukweli mwingi: amani ya Ulaya ililipiwa kwingine, na walioilipia hawakuulizwa. Mwalimu wa historia angeweza kuijadili kwa kipindi kizima. Programu inakuonyesha unakoruhusiwa kugonga, basi.

Ubaya ni kwamba hoja hiyo ina upungufu usiorekebishika pale ilipo. Sitetei kwamba Tanzania ilikuwa mwamba tangu mwanzo. Januari 1964 serikali ya Sultani wa Zanzibar iliangushwa, na siku chache baadaye askari wa Tanganyika wakaasi hadi Nyerere akaomba msaada wa jeshi la Uingereza. Kwa mwezi ule, 1 ni namba ya haki. Lakini namba hiyo haipandi kwa sababu ya lolote ambalo nchi ilifanya baadaye. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano na Ujerumani Mashariki, na Nyerere akaikataa na misaada yake mingine. Reli ya TAZARA, kilomita zipatazo 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuigharimia. Katika mchezo huu China ni karata tu, inayopokezanwa kati ya wakubwa wawili. Na Aprili 1979 jeshi la Tanzania liliingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, utawala wa Idi Amin ukaanguka. Hakuna hatua ndani ya kanuni inayoweza kuleta tukio hilo, maana nchi ndogo hazina zamu.

Wapo watakaosema huu ni mchezo tu, na kwamba bao la kete nalo halifundishi historia. Ni kweli, ila bao halidai kufundisha. Huu una picha za viongozi, majina ya matukio halisi na miaka yake. Kijana anayeucheza mara nyingi atajua habari za Vita Baridi kupitia huo kuliko kupitia kitabu cha kidato cha nne. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba ramani hii ilichorwa hivyo kwenye karatasi tangu 2005, kwa hiyo kompyuta haina hatia. Nakubali nusu. Kosa la ramani ni la karatasi. Kosa la kuifunga ramani ni la programu. Wanafunzi wawili wenye ubao wanaweza kuchukua penseli, wakaitoa Tanzania kwenye kisanduku, wakaipa uthabiti wa 3 kuanzia 1967, wakabishana kama inastahili. Ubishi huo ndio somo lenyewe. Wenye toleo la simu hawana pa kushika penseli. Na anayejitetea kwamba kila mchezo lazima urahisishe mambo hajajibu swali, kwa sababu sikuomba ugumu zaidi. Naomba funguo.

Kitaalamu si jambo kubwa. Viwango vya nchi ni namba zilizohifadhiwa mahali fulani. Michezo mingi ya kompyuta huwaachia wachezaji kubadili namba za namna hiyo na kugawana matoleo yao. Watengenezaji wa matoleo ya kidijitali wangeweza kuonyesha hesabu kila mapinduzi yanapofanyika, wakaweka maelezo ya wabunifu hatua moja tu kutoka kwenye ramani, na wakaruhusu toleo la nyumbani lichezwe na marafiki bila kuvuruga mashindano rasmi. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoandika programu wangejua pa kuanzia: kisanduku chenye jina la Tanzania, kingine cha Uganda, na karata moja ya reli ambayo si Marekani wala Usovieti anayeweza kuifuta.