Bosi anapokupa alama bila maneno

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Juni, nilikwenda Namswea kule Mbinga kumsalimia dada yangu. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi na ameolewa hukohuko. Nilifika jioni, katika ile baridi ya Umatengo ambayo wenyeji wanakuambia bado haijaanza, nikamkuta shemeji amekaa jikoni karibu na moto. Ana karatasi mkononi na uso umechangamka.

“Karibu, shemeji. Umekuja siku njema. Mwenzangu kapewa nne!”

Karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya OPRAS, ile ya kupima utendaji wa watumishi wa umma. Shemeji alinionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa alama ya jumla. “Nne kati ya tano. Huyu ni wa kununuliwa soda.”

Dada alikuwa anasonga ugali. Hakusema kitu. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akafungua mlango, akatoka nje. Binti yake mkubwa aliinuka kimya, akaendelea kusonga.

Wewe uliyewahi kufanya kazi serikalini umeshaelewa. Katika fomu ile alama ya juu kabisa ilikuwa 1, na 5 ilikuwa ya chini kabisa. Nne maana yake utendaji hafifu. Shemeji ni mkulima wa kahawa, hakujaza fomu hiyo hata siku moja, kwa hiyo alihesabu kama mtu yeyote anavyohesabu. Nilipomweleza taratibu, aliikunja ile karatasi kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

Usiku ule dada alinieleza yote. Siku ya kufunga shule, gari la kwenda Mbinga mjini likiwa linapiga honi, mwalimu mkuu alimletea fomu akamwambia, “Mwalimu, saini hapa, naziwahisha.” Akasaini. Nyumbani ndipo aliposoma. Hakukuwa na sentensi hata moja ya kueleza ile nne imetoka wapi. Kilichonishtua zaidi ni barua aliyokuwa ameshaiandika, imekaa ndani ya Biblia. Ilikuwa ya kuomba uhamisho. Alikuwa tayari kwenda popote, hata Tunduru, hata Mtwara. “Mume wako je?” nilimuuliza. Akasema atakuja akitaka. Lakini sote wawili tulijua kwamba miti ya kahawa haihami, na aliyeipanda haiachi.

Mpenzi msomaji, nataka tukae kidogo kwenye fomu ile, kwa sababu iliundwa ili kuzuia jambo kama hili lisitokee.

Kabla ya OPRAS kulikuwa na taarifa za siri. Wazee wetu waliofanya kazi serikalini wanazikumbuka vizuri. Mkuu wako alijaza anavyokuona, akafunga bahasha, ikaenda zake. Hukujua kilichoandikwa. Unaweza kukaa miaka bila kupandishwa daraja, na usijue kama ni kazi yako au ni maneno mliyowahi kurushiana kwenye sherehe. Julai 2004 utaratibu huo ulibadilishwa, na neno “wazi” likawekwa ndani ya jina la mfumo mpya kwa makusudi. Mwaka wa fedha unapoanza Julai, mtumishi na mkuu wake wanakaa na kukubaliana malengo. Desemba wanakaa tena kuangalia walipofikia, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Juni wanapima. Na katika kupima, fomu ilikuwa na safu tatu za alama: moja ya mtumishi kujipima mwenyewe, ya pili ya mkuu wake, ya tatu ya alama waliyokubaliana. Hiyo ya tatu huwezi kuipata bila kuzungumza.

Nilipoitazama fomu ya dada, safu zote tatu zilikuwa na mwandiko mmoja.

Na yale mapitio ya Desemba? “Tuliyafanya tumesimama,” dada alisema. “Tulikuwa tunakunywa chai.” Sehemu ya maoni ya mtumishi, ambapo angeweza kuandika kwamba hakubaliani, ilikuwa tupu. (Kwa walimu kuna ugumu mwingine ambao sijawahi kusikia ukizungumzwa vya kutosha: mwaka wao wa masomo unaanza Januari, wao wanapimwa Juni. Ni kama kuonja mboga ikiwa nusu motoni. Lakini hilo ni la siku nyingine.)

Asubuhi yake shemeji aliniomba nimsindikize kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi. Tulibeba gunia moja la kahawa ya maganda, ya kwanza ya msimu. Karani alikuwa kijana mdogo tu. Alimwamkia shemeji shikamoo kwa heshima zote, akaingiza mkono ndani ya gunia hadi chini, akatoa punje chache, akainusa moja, akaimenya, akaiuma kwa meno.

“Baba, umeiosha vizuri, haina harufu ya uchachu. Ila ya chini haijakauka. Hii ya juu imeshakauka. Nadhani ulianika nyingi kwa mara moja. Iweke nyembamba juu ya kitanda, uigeuze mara kwa mara, siku mbili za jua. Alhamisi niletee.”

Shemeji alibeba gunia lake akarudi nalo. Njia nzima nilisubiri alalamike. Mtu mzima, gunia begani, amerudishwa na kijana anayeweza kumzaa! Alichosema ni kwamba kweli aliianika nene, aliona mawingu akataka kuwahi. Tulipofika alitandaza kahawa yake upya, nyembamba. Alhamisi ilipokelewa.

Nilimsimulia dada. Akanyamaza, kisha akasema, “Afadhali kahawa.”

Tazama alichofanya karani. Aliigusa kazi yenyewe, tena hadi chini ya gunia. Alitaja kilicho kizuri, na kilikuwa kizuri kweli, hakukitaja ili kulainisha. Akasema kasoro ni ipi, imetokana na nini, irekebishwe vipi, na siku ya kurudi. Hakusema “wewe baba ni mzembe”. Na alisema siku ileile. Angenyamaza, akaipokea, kisha miezi baadaye shemeji akakuta amelipwa pungufu, kahawa ingekuwa imeshanywewa Ulaya na yeye angebaki kuwalaumu wezi.

Kwa nini basi mwalimu mkuu asiweze anachoweza karani? Jibu dada alilipata mwenyewe. Nilimshauri, kabla ya kupeleka barua, aende akaulize swali moja tu: “Ni kitu gani ulikiona kwenye kazi yangu?” Asianze na “kwa nini umenionea”. Ukianza hivyo mwenzako anajitetea, na mtu anayejitetea hakuambii kitu. Nilimwambia pia aende na daftari na kalamu, aandike anachoambiwa. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unatulia.

Alikwenda siku mbili baadaye. Mwalimu mkuu, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka karibu kumi na mbili, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema tangu Februari alikuwa anaona madaftari ya watoto hayasahihishwi, andalio la somo linakuja limechelewa au haliji kabisa, na mara nyingi baada ya saa sita Madam haonekani. “Mbona hukuniambia?” Akasema, “Ningeanzaje? Mimi nakuamkia shikamoo kila asubuhi. Wewe ndiye ulinipokea hapa nilipokuja kuripoti.”

Miezi minne alimstahi. Kisha akampa nne.

Nami nikajifunza hapo kwamba dada naye hakuwa amenieleza yote. Mama mkwe wake alikuwa mgonjwa tangu Januari, na yeye ndiye aliyekuwa anatoka mchana kwenda kumwogesha na kumlisha. Shuleni hakumwambia mtu. Aliona aibu kuonekana anaomba huruma. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliona uzembe, mwalimu aliona uonevu, na katikati kulikuwa na bibi mgonjwa ambaye wote wawili wangeweza kumzungumzia kwa dakika tano. Walipanga upya ratiba, vipindi vyake vya mchana vikasogezwa asubuhi. Alama haikubadilika, fomu ilishakwenda. Barua ya uhamisho ilibaki ndani ya Biblia.

Simtetei mwalimu mkuu. Kumstahi mtu mzima ni jambo jema, lakini mahali pa heshima hiyo ni kwenye namna ya kusema: umwite pembeni, umwamkie, mlango ufungwe, wengine wasisikie. Kumnyamazia kisha kumwandika ni kumrudisha kwenye taarifa za siri kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo naye alikuwa na mkuu wake, naye anajaziwa fomu, na sidhani kama kuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumwambia mtu kasoro yake.

Siku hizi OPRAS imepisha PEPMIS, ambayo ni ya kompyuta. Mtumishi anaingiza majukumu yake, mkuu wake anayapitia humohumo. Dada anaisifu kwa jambo moja, kwamba hakuna tena kusainishwa gari likiwa linapiga honi. Lakini bado anapanda mlimani kutafuta mtandao, na bado mkuu anaweza kubonyeza alama bila kusema neno. Ukiona imekuja hivyo, usingoje mwaka uishe. Nenda na daftari.

Na wewe ambaye huna bosi serikalini, subiri kwanza. Una binti wa kazi nyumbani? Mara ngapi umemnunia siku tatu kwa sababu ya chumvi, kisha mwisho wa mwezi ukamwambia afungashe? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pamoja na kanuni zake za mwaka 2007 zinataka anayedaiwa kufanya kazi vibaya aambiwe tatizo, aelekezwe, na apewe muda wa kutosha kujirekebisha kabla hujafikia kumwachisha. Nawajua watu wanaoidai haki hiyo ofisini kwao kwa sauti kubwa, jioni wakirudi nyumbani hawamwambii binti kitu zaidi ya “hujui kazi”.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na mhariri ambaye kila makala alirudisha na maneno mawili: “Andika upya.” Niliandika upya mara tatu, nne, nikiwa sijui ninakimbia nini. Nilimchukia, na nyumbani watoto waliijua siku ya makala kwa kuniangalia usoni. Aliyemfuata aliniandikia, “Aya ya tano ndiyo habari yenyewe, ianze.” Kazi ilikuwa ileile.

Kilichonifanya nikumbuke haya yote ni simu ya dada wiki iliyopita. Shule zimefungwa, na alikuwa anajaza ripoti za wanafunzi. Miaka yote, anasema, kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa alikuwa akiandika “Ongeza bidii” kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mwandiko mzuri. Mwaka ule wa ile nne alishika kalamu kuandika “Ongeza bidii” ya kwanza, mkono ukakataa. Mtoto aongeze bidii kwenye nini? Mzazi atafanya nini na maneno hayo?

Tangu wakati huo ripoti zake zinamchukua wiki nzima, na shemeji analalamikia mafuta ya taa. Alinisomea moja kwenye simu, ya mtoto wa darasa la tatu: “Anajumlisha vizuri sana na anasaidia wenzake. Kwenye kutoa, akikopa kumi anasahau kwamba amekopa. Mama, mpe punje za mahindi, afanye matano kila jioni.”

Mama wa mtoto huyo hajui kusoma. Alimwita mwanawe amsomee, na mtoto akasoma yote, hadi pale pa kusahau. Asubuhi yake alimfuata dada shambani kumuuliza kama punje za kahawa nazo zinafaa, maana mahindi ya mwaka huu ni ya kuhesabu.