Waliokuwako Ruring'u Waulizwe

Katika vyuo vyetu vya Pwani, habari haipokewi mpaka iulizwe: nani kaisema, naye kaipata kwa nani? Maulamaa wa Hadithi waliishika kanuni hiyo karne nyingi. Habari ni mnyororo, na kila pete ya mnyororo ni mtu mwenye jina, umri na tabia inayojulikana. Leo naomba kipimo hicho tukipeleke bara, hata Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri.

Ni pale Ruring'u, Disemba 1963, ambapo wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaweka silaha chini. Wangapi kati yao waliulizwa wakajibu kwa vinywa vyao? Bibi Muthoni wa Kirima, aliyekaa msituni hadi uhuru na kufikia cheo cha fildi mashali, alifariki Septemba 2023. Kila mwaka hufanywa sherehe za mashujaa. Wakubwa huhutubia saa nzima, na mzee aliyeyaona mambo kwa macho yake hukalishwa juani apigwe picha.

Najua msomaji ataniuliza: Ya Nyeri yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa huko Nyeri, alikamatwa Oktoba 1952, na miongoni mwa mahali alipozuiliwa ni Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Aliandika shajara yake kwa siri kizuizini, na mwaka 1983 ikatoka kitabu, kwa Kikuyu.

Na Hola je? Hola iko Mto Tana, kwetu. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walikufa huko. Taarifa ya serikali ya kikoloni ilisema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji, enyi waungwana! Waliokuwako walijua kuwa ni marungu ya askari, na uchunguzi wa vifo ukathibitisha kuwa watu wale walipigwa. Basi na tusidanganyike kwamba karatasi yenye mhuri ni kweli na neno la mzee ni ngano. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki Uingereza huko London mwaka 2009, walikwenda na makovu yao. Majalada yaliyofichwa miaka mingi yakafichuliwa 2011, nayo yakawaunga mkono. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa jumla ya watu 5,228.

Lakini shahidi naye apimwe. Aulizwe: ulikuwako, au uliambiwa? Ulisimama wapi? Nani mwingine aliona? Tena asiulizwe mpiganaji peke yake. Aulizwe na aliyekuwa homgadi, ingawa hapendi kusema, na mama aliyechimba handaki kuzunguka kijiji kwa kulazimishwa. Watapingana, na wapingane. Maneno yao yote yaandikwe, kila moja na jina la msemaji.

Nasi tusingoje watu wa Nyeri. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mjini Lamu mwaka 1954 sasa amepita 80. Siku zile mahabusu wakivushwa kupelekwa Manda, yeye alikuwa wapi, na aliona nini? Wajukuu, mwulizeni wiki hii, na daftari mkononi.