Ukitaka gari la kuogelea, pima kwanza maji yako

MSOMAJI wetu mmoja ambaye siku hizi makao yake ni kaskazini mwa mkoa wa Ontario, nchini Kanada, ameniandikia akitaka ushauri. Anasema amechoka kuazima mashua ya jirani kila Jumamosi, na sasa ameweka akiba ya kununua lile gari dogo la magurudumu sita au manane ambalo hutembea nchi kavu, na likifika majini hujitosa likaelea. Anataka kulitumia kwa uwindaji, kwa uvuvi, kwa kubeba kuni na kwa kuondoa theluji mlangoni. Mkewe amekataa katakata. Anasema pesa hizo zitazama pamoja na watoto wake. Swali la ndugu huyu ni fupi: anunue lipi?

Kabla ya kumjibu, niwatoe wasiwasi wasomaji walioko hapa nyumbani. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na safu hii haimshawishi yeyote kuchukua bunduki kwenda Tsavo. Huko Kanada mambo ni tofauti. Mtu hukata leseni, akaonyeshwa mnyama anayeruhusiwa kumwinda na msimu wake, na nyama ikatiwa kwenye friza kulisha nyumba nzima wakati wa baridi.

Tuliite chombo hiki gari-chura. Wakanada ndio waliolianzisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulitokea lile la Jiger, dogo kama beseni la kufulia, na mwaka wa 1967 kampuni ya Ontario Drive and Gear ya mji wa New Hamburg ikatoa Argo, jina ambalo mpaka leo hutajwa kwanza. Wamarekani wa Buffalo, New York, nao wakaleta Max. Yote haya yana umbo moja: bodi ya plastiki isiyopenya maji, injini ndani, cheni zinazozungusha magurudumu yote, na magurudumu yenyewe manene, laini, yenye upepo kidogo mno. Gurudumu la gari la kawaida hujazwa pauni 30 hivi. La gari-chura ni pauni mbili au tatu tu. Ndiyo maana gari zima hukanyaga ardhi kwa wepesi kuliko wayo wa mtu, likapita mahali ambapo wewe ungezama hadi magotini.

Hapo ndipo penye jibu langu. Gari-chura lilibuniwa kwa ajili ya kinamasi, wala si kwa ajili ya ziwa. Aliyewahi kuona kinamasi cha Yala atanielewa: maji kidogo, tope, matete, maji tena, kisha kipande cha nchi kavu. Mashua hukwama, gari hukwama, mguu hukwama. Kaskazini mwa Kanada kuna maelfu ya kilomita za ardhi ya namna hiyo, na mle ndani gari-chura halina mpinzani. Lakini lipeleke katika ziwa pana, na utajuta.

Sikiliza kwa nini. Majini halina panga la kulisukuma. Ni yale magurudumu yanayozunguka, meno yake yakipiga maji kama makasia. Mwendo wake ni kilomita nne au tano kwa saa, yaani sawa na mtu anayetembea kwenda sokoni bila haraka. Ziwa la kilomita mbili litakuchukua karibu nusu saa. Upepo wa mbele ukianza kuvuma kabla hujafika katikati, utapiga magurudumu na usisogee. Unaweza kupachika injini ya mashua kwa nyuma, na wengi hufanya hivyo, lakini bodi yenyewe ina kingo fupi. Wimbi ambalo mashua ingelipanda, hapa huingia ndani na kukukuta miguuni. Na maji ya Kanada msimu wa kuwinda ni baridi ya kuua. Aliyetumbukia huishiwa na nguvu za mikono upesi, hata awe mwogeleaji hodari.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuuliza bei, chukua karatasi uandike maji yako. Unavuka nini hasa kati ya nyumba na mahali pa kuwinda? Ikiwa ni vijito na mabwawa ambayo ng'ambo yake unaweza kumwita mtu akakusikia, gari-chura linakufaa. Ikiwa ni ziwa ambalo ng'ambo yake huioni vizuri, nunua mashua, na pikipiki ya magurudumu manne kwa ajili ya nchi kavu. Viwili hivyo vikiwa vimetumika kidogo vinaweza kukugharimu pungufu ya gari-chura moja jipya.

La pili ni uzito, na hapa wawindaji wengi hujidanganya. Kila gari-chura lina kibandiko cha mtengenezaji kinachotaja mizigo miwili: wa nchi kavu na wa majini. Wanunuzi husoma ule wa kwanza. Baadhi ya yale ya magurudumu manane yameandikiwa watu sita nchi kavu lakini wanne majini, mzigo wote ukiwa karibu kilo 450. Ya magurudumu sita hupungua sana, mara nyingi watu wawili tu wakiwa majini. Sasa tufanye hesabu. Wewe na mwenzako ni kilo 160. Bunduki, mafuta, hema na chakula ni kilo 40. Mnyama unayemfuata ni musi, wa jamii ya kulungu lakini mkubwa kuliko farasi. Dume lake hupita kilo 400. Hata ukiacha matumbo, kichwa na ngozi porini, utabaki na kilo mia mbili na ushei za nyama na mifupa. Kwa magurudumu manane umefika ukingoni kabisa mwa kipimo. Kwa magurudumu sita ni safari mbili au tatu, na kila safari ni ya kwenda na kurudi. Mwenye kuwinda musi asinunue la magurudumu sita, hata kama muuzaji ni shemeji yake.

Tena huko Ontario sheria hairuhusu bunduki yenye risasi ndani ya chombo, wala kupiga risasi ukiwa chomboni. Basi usilipie pesa za ziada kwa vile vishikio vya bunduki ambavyo muuzaji huvisifia sana. Kamba ya kufungia mizigo ina faida kubwa zaidi.

Kwa uvuvi ninalipenda kwa kazi moja: mabwawa yaliyojificha ambayo wenye mashua hawayafikii. Wakati wa barafu pia wavuvi hulitumia kufika kwenye mashimo yao, likiwa limevishwa mikanda ya mpira juu ya magurudumu. Wanasema barafu ikipasuka litaelea. Ni kweli, litaelea. Kupanda tena juu ya barafu inayomeguka ndiyo kazi, na bila mikanda ile huenda ukabaki humo shimoni ukizunguka. Upime unene wa barafu kama mtu anayetembea kwa miguu.

Kazi za nyumbani ndizo zinazoharibu ndoto ya wengi. Gari-chura halikunji magurudumu ya mbele kama gari tunalolijua. Likitaka kupinda, upande mmoja hufungwa breki na ule mwingine ukaendelea, gari likaburuzika kuzunguka. Kwenye tope hilo si neno. Kwenye nyasi za uani, mke wako ataona mashimo kama nguruwe wamepita. Isitoshe, mengi hayana springi. Ulaini wa magurudumu ndio springi. Kwenye njia ya mawe, baada ya saa moja, mgongo utakusimulia. Kuni litavuta kwa trela, na theluji litaisukuma vizuri ukilifunga sepeto la mbele. Lakini mtu ambaye kazi zake tisa kati ya kumi ni za uani anapoteza pesa.

Akiba yako ikitosha la zamani tu, usivunjike moyo, bali ulikague kama anayenunua ng'ombe. Funua sakafu uangalie cheni: zikiwa na kutu na kulegea, maji yamelala humo muda mrefu. Ng'oa vizibo vya chini uone kama vinafunga sawasawa. Kisha mimina ndoo kadhaa za maji NDANI ya bodi, uchungulie chini kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu. Panapodondosha maji nje ndipo yatakapoingilia. Washa pampu ya kutoa maji uisikie ikifanya kazi, usikubali kuambiwa. Injini ya kabureta hurekebishwa kwa urahisi hata porini, ingawa asubuhi ya baridi kali itakununia. Ile ya kompyuta huwaka upesi lakini ikigoma inataka fundi. Mimi ningemshauri mtu anayelala porini peke yake achukue ile anayoweza kuitengeneza mwenyewe.

Sasa nimgeukie mama watoto. Dada, hofu yako ina msingi, na dawa yake si kupiga marufuku bali kuweka masharti kabla pesa hazijatoka. Kila anayepanda avae jaketi la kuokolea, si kulikalia. Makasia mawili yawemo siku zote, maana injini ikizimika majini magurudumu nayo husimama. Mtoto asiongozane na nyama: ama safari ya watoto, ama safari ya mzigo. Na iandikwe nyumbani njia atakayopita na saa ya kurudi. Akiyakubali hayo yote bila kunung'unika, mruhusu.

Mwishoni mwa barua yake ndugu huyu anauliza kama, akishalichoka, anaweza kumtumia kakake Budalang'i, kule mto Nzoia unakofurika. Wazo ni la upendo. Sudan Kusini, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limetumia aina kubwa iitwayo Sherp kufikisha chakula palipojaa maji; magurudumu yake humfika mtu mzima shingoni, na bei yake hupita dola 100,000 za Marekani. Hilo ni jambo la mashirika. Hili dogo, kwa familia inayohama na magodoro, mbuzi na bibi kizee, litabeba watu wanne kwa mwendo wa kobe, na cheni ikikatika sijui ni duka gani la Busia litakalokuwa na nyingine. Mtumbwi mzuri wa mbao wenye injini ndogo hubeba wengi zaidi, na fundi wake yupo kijijini. Mtumie kaka injini hiyo, na jaketi kumi za kuokolea.

Jumapili ijayo tutarudi barabarani: radieta inayochemka na nini kinachoisababisha.