Bolti Iliyong'aa



Mvua za kwanza zinapokaribia, mafundi wa kuchomelea hapa Kolwezi hupata kazi nyingi. Plau na tela zilizolala kiangazi chote huletwa zikiwa na kutu. Kijana anayemrudisha mkulima shambani anastahili heshima yetu. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo twaona ni haki aikatae: kujaza kwa kuchomelea bolti ngumu iliyolika.

Twasema hivyo kwa kuwa nasi tuliwahi kukosea. Tulikuwapo siku bolti ya plau ilipojazwa chuma, ikasagwa, ikang'aa. Tukaisifu. Siku ya tatu ilikatika shambani, plau ikaanguka hatua chache tu kutoka kwa mtoto aliyekuwa akiifuata trekta. Fundi hakuwa mvivu. Hakuna kati yetu aliyejua chuma kile kilikuwa cha namna gani.

Tazameni kichwa cha bolti. Ikiandikwa 8.8, chuma chake chahimili mvuto wa megapaskali 800 hivi kabla ya kukatika, 10.9 ni 1,000 hivi. Nguvu hiyo ilitengenezwa kwa moto: kiwandani bolti ilipashwa hadi ikawa nyekundu, ikapozwa ghafla, kisha ikapashwa tena kwa kipimo. Kuchomelea huivuruga kazi hiyo yote. Kando ya mshono chuma hupoa upesi na kuwa kigumu lakini rahisi kuvunjika. Mbele kidogo hulegea. Vijiti vya kuchomelea vikiwa na unyevu, hidrojeni hupenya ndani, na ufa waweza kutokea saa nyingi baada ya bolti kupoa. Jicho halioni lolote ila mng'ao.

Mtatuuliza: bolti mpya itoke wapi, na kwa fedha gani? Swali ni la haki. Pengine hupatikana Lubumbashi tu, kilometa 300 hivi kutoka hapa. Basi wakulima wa jirani wachange kabla ya msimu na kumtuma mtu mmoja, akiwa na bolti ya zamani mkononi ili alinganishe kipenyo, urefu, meno na namba ya kichwani. Nati nazo zikazwe mapema, maana bolti nyingi hulika kwa sababu nati ililegea. Fundi naye hatakosa kazi: fremu zilizopasuka na bodi za tela mara nyingi ni chuma cha kawaida, nacho hukubali kuchomelewa vizuri.

Kumwambia mteja, "Hii siichomelei, Baba, tafuta mpya," kwaweza kukunyima chakula cha jioni. Twajua uzito wake. Lakini mkulima hana namna ya kuupima mshono wako; anachoweza ni kukuamini tu, na mwanawe atatembea nyuma ya trekta.

Kwa majadiliano ya kikundi: Ni kazi gani tunazozipokea huku tukijua hazitadumu? Nani atakuwa amesimama karibu siku zitakapovunjika?