Treni haina dakika za nyongeza

Tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, safari iliyokuwa ikila saa nne kwa basi sasa ni takriban saa mbili. Shabiki anakata tiketi kwa simu, mchana yupo Mji Kasoro Bahari, anaitazama Uluguru huku akisubiri mpira.

Kuja siyo shida. Shida ni kurudi. Mechi ikipangwa jioni pale Jamhuri, dakika ya 80 wapo wanaotazama saa badala ya mpira. Kutoka uwanjani hadi stesheni ya Kihonda si jirani, na treni haina dakika za nyongeza. Anayeachwa huishia kudandia gari lolote, usiku, kwenye barabara ambayo malori hayalali.

Bodi ya Ligi na TRC, kabla ya kutangaza muda wa mechi za Morogoro, wekeni ratiba zenu meza moja. Nawe shabiki, kata kwanza tiketi ya kurudi, ndipo ya uwanjani. Pointi tatu zitatafutwa wiki ijayo. Roho haina mechi ya marudiano.