Tusimponze Ndugu Aliye Ughaibuni

Ndugu zangu, makundi yetu ya ukoo ya WhatsApp yana watu Tanga, Mombasa, Dubai na Berlin. Ujumbe mmoja huwafikia wote papo hapo, lakini kila mmoja anaupokea chini ya sheria za nchi aliyopo. Nawaomba tulikumbuke hilo kabla ya kusambaza chochote.

Chukueni habari za uongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, inamtoza anayezichapisha kwa nia ya kupotosha umma faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya, sheria ya 2018 iliweka kikomo cha juu: kifungo cha hadi miaka 10 kwa uongo wa kuzua taharuki. Marekani, uongo mtupu kwa kawaida si jinai, maana katiba yao inaulinda usemi. Wala si uongo tu: Ujerumani, kusambaza hadharani alama za Wanazi kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 3.

Linaloniuma zaidi ni hili la picha. Binti yetu anafanya kazi za ndani Dubai, nasi huku tunamsihi: hebu tuonyeshe hiyo nyumba ya tajiri wako, hebu tuwaone hao watoto unaowalea. Naye, kwa mapenzi na upweke, anapiga na kutuma. Sheria ya Emirates ya mwaka 2021 inahesabu kuwa kosa kuingilia faragha ya mtu kwa kumpiga picha au kuzisambaza bila ridhaa yake: kifungo kisichopungua miezi 6, au faini ya dirham 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Nani katika ukoo wetu ana fedha hizo? Tajiri akikasirika, sisi tulioomba picha tuko salama nyumbani. Atakayeitwa polisi ni binti yetu.

Basi tusimwombe tena. Tumwulize hali yake, tumwombe picha yake mwenyewe, inatosha. Nanyi ma-admin, andikeni leo kwenye maelezo ya kundi: picha ya mtu haitumwi bila ridhaa yake, na habari isiyojulikana ilikotoka haisambazwi. Ndugu aliye ugenini akisema, "Jamani, futeni hiyo," tuifute kwanza, maswali baadaye.